Fundi Aliyeuchukia Woga wa Swichi

Fundi wetu wa umeme pale Wawi alikuwa na adui mmoja tu duniani, naye ni swichi inayokata. Binadamu aliwasamehe, hata wale waliomsema barazani. Swichi hakuisamehe. Ikiwa sakiti breka ya nyumba yako ina tabia ya kujizima, ukamwita aje aangalie sababu, sababu haangalii. Huitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyedekezwa, akasonya, akaing'oa, akatia kubwa yake. Na hiyo kubwa nayo ikikata, anapitisha waya mtupu, anafunga kifuniko na kupangusa mikono kwenye koti.

"Ile ilikuwa na woga," atakwambia. "Sasa umepata ya kiume."

Nusu ya Wawi imefungwa umeme wa kiume. Ukipita ukasikia harufu ya plastiki inayoungua, usifikiri watu wanachoma taka.

Jina lake analo, lakini hakuna anayelitumia. Aliitwa Fundi, na mwenyewe alikuwa haitiki kwa jengine. Mafundi wapo wengi, wa cherahani, wa baskeli, wa kujenga, lakini mtu akiita "fundi" njiani, yeye ndiye anayegeuka, na akigeuka anageuka taratibu, kama kwamba anakufanyia hisani. Kofia yake ya kushonwa kwa mkono ilikuwa na testa, bisibisi ya kupimia umeme, imechomekwa juu ya sikio. Taa ya testa ile ilikufa zamani. Aliivaa tu, kama watu wanavyovaa saa isiyokwenda. Waya alipima kwa mgongo wa kidole.

"Umeme unanijua," alisema. "Umeme ni kama ng'ombe wa gari. Akijua unamwogopa, ndipo anapokupiga teke."

Ila kabla ya kumgusa ng'ombe huyo alikuwa na sharti, na sharti lenyewe ni mbuzi ya kukunia nazi. Glavu alisema ni za wauguzi, viatu vya mpira ni vya wavuvi wa pweza, lakini kibao cha mbuzi ni mti mkavu, na juu ya mti mkavu mtu anaweza kumshika waya mkono kwa mkono kama jamaa yake. Kwa hiyo akiingia nyumbani neno la kwanza ni salamu, la pili ni "Leteni mbuzi." Basi anapanda pale, na asishuke. Wapishi wote wa Wawi wanamjua kwa hilo. Ramadhani moja alikuja kwetu baada ya alasiri, na mama yangu amesimama chini yake, kizio cha nazi mkononi.

"Fundi, nipe mbuzi yangu. Watu watafuturu nini?"

"Ngoja, Bi mkubwa. Nikishuka hapa nitakufa, halafu futari yako mtailia matangani."

"Si ungekuja na kibao chako mwenyewe."

"Mie fundi wa umeme, nitembee na mbuzi ya nazi kama mwari anayepelekwa kwa mume?"

Tulifuturu muhogo wa kuchemsha, mkavu.

Waya wa kijani na manjano, huu ambao mafundi wengine wanauita ethi na kuupeleka ardhini ili umeme ukipotea njia uende huko badala ya kwenda mwilini mwa mtu, yeye aliuita pambo. Wenye viwanda wameutia ili kupendezesha, alisema, kama shada la maua kwenye gari la harusi. Watu walikuwa wananunua waya kamili, yeye anauchuna ule wa kijani na kwenda nao kwake. Ukifika uani kwake unauona wote, umefungwa kutoka mpapai hadi kwenye ukuta wa choo, mrefu, mzuri, na kanga za mkewe zinakauka juu yake. Usalama wetu wote wa Wawi umeanikiwa nguo.

Na jambo hili watu wa mbali hawaliamini nikiwasimulia: yeye mwenyewe nyumbani hana umeme. Nguzo iko mlangoni, na ndani wanawasha kandili, nguo wanapiga kwa pasi ya makaa. Nilidhani ni uvivu, mpaka siku moja nikamuuliza mkewe. Bi yule alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Mie nimemuona afungavyo kwa watu," akasema.

Basi hilo. Na kama hujacheka, nikupe na la mashetani. Mtu akianguka, akatetemeka, akasema maneno yasiyoeleweka, wenyewe wakatafuta mganga, Fundi alikuwa anapita kati yao na kusema ni shoti tu, mishipa imegusana. Lakini redio ikitoa moshi, au taa ikiwaka na swichi imezimwa, yeye aliyefunga waya ule kwa mikono yake anarudi nyuma hatua, anatikisa kichwa. "Hili si umeme. Hili jambo jengine. Mwambieni mwenye nyumba akumbuke alichokosana na watu." Kwa wagonjwa alizungumza umeme, kwenye umeme alizungumza mashetani. Sijapata kumuona akikosea njia akaingia kwenye jambo lenyewe.

Lazima niseme na hili pia, ingawa linaniharibia masimulizi. Mjane akizimikiwa na taa, hata kama mvua ya masika inapiga, Fundi alikwenda. Hakuomba kitu. Alifunga vibaya, lakini alikwenda. Wale wenye vyeti kule Chake Chake wanafunga vizuri, na mvua ikinyesha simu zao hazipokelewi. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuita fundi mwengine. Na kwetu fundi akishatia mkono wake ndani ya nyumba, nyumba ni yake. Ukimleta mwengine juu ya kazi yake ni sawa na kumvua mzee kanzu sokoni.

Kwetu alishatia mkono siku nyingi. Tulikuwa na friji kuukuu lililokuwa linauma. Ukiligusa mlango miguu mitupu linakutekenya mpaka kwenye kiwiko, kwa hiyo tuliweka kandambili mbele yake, na mgeni akitaka maji baridi anaambiwa, "Vaa kwanza." Kwenye mita tulikuwa na swichi ya kinga, ile inayokata yenyewe umeme unapovuja, na kwa kuwa friji lilikuwa linavujisha, swichi ilikuwa inakata kila wakati. Fundi aliitwa. Nyinyi sasa mnajua alichokifanya. Swichi akaiondoa, friji likabaki, na kandambili zikabaki.

Mie wakati huo nilikuwa na ndoto. Nimesoma mpaka kidato cha pili, sikuendelea, lakini kuota hakuna anayekutaka cheti. Ami yangu aliyeko Muscat alisema ataniletea gari ndogo ya umeme, iliyokwisha tumika. Nikawa naiona kabla haijapanda meli. Naiona inapita Wawi kwenda Chake bila ya kelele, abiria wanazungumza kwa sauti zao za kawaida, wajawazito hawarushwi, na watoto wa skuli wanaisikia harufu ya mikarafuu badala ya moshi. Na zaidi ya wote namuona bibi yangu. Bibi ana dada yake Msuka, kule mwisho wa kaskazini, na hawajaonana miaka kwa sababu Bibi harufu ya petroli inamtapisha. Akifika Chake tu ameshamaliza kanga mbili. Wakizungumza kwa simu wanaulizana nani atamzika mwenzake. Kwa hiyo gari ile, mie naiita taksi, lakini moyoni ilikuwa ya Bibi.

Gari ikaja, nyeupe, ndogo, ina mkwaruzo ubavuni. Shughuli ikawa namna ya kuichaji nyumbani. Muuzaji mmoja wa Unguja alinitumia picha za chaja ya kufunga ukutani, nzuri kama kioo, inachaji upesi. Nikaipenda. Lakini inataka waya mnene kutoka kwenye mita mpaka kwake, na umeme mwingi kuliko nyumba yetu inavyoweza kuvuta. Nikachagua ile kebo iliyokuja na gari yenyewe, ya kuchomeka kwenye soketi, inachaji polepole usiku kucha. Gari ya kutoka Wawi kwenda Chake ina haraka ya nini? Hata hivyo na yenyewe inataka soketi yake peke yake, waya wake peke yake, na ethi. Katikati ya kebo kuna kisanduku chenye taa. Ikikosa ethi, taa inakuwa nyekundu, na haichaji.

Nikamwita Fundi, maana ningemwita nani?

"Gari hii," akasema akiizunguka, "ni simu kubwa tu. Simu unaichaji wapi?"

"Kwenye soketi."

"Basi maneno yote haya ya nini?"

"Fundi, kitabu chake kinasema itiwe ethi."

"Kitabu kimeandikwa na watu wa nchi za baridi, hawana kazi ya kufanya. Lete mbuzi."

Akafunga soketi kwenye ukuta wa nje. Waya wa kijani akauchuna kama kawaida yake, akauviringa, akautia mfukoni. Nikachomeka. Taa nyekundu. Akachomoa, akachomeka yeye kwa nguvu zaidi. Nyekundu. Basi hapo ndipo nilipomuona Fundi amekutana na ukuta. Kisanduku kile ni swichi yenye woga, ya jinsi ile ile aliyoichukia umri wake wote, lakini hii imezibwa pande zote, haina skrubu, haina pa kuing'oa. Akatoa kisu akitaka kuipasua. Nikaikumbatia.

"Iachie, kijana."

"Siiachii, Fundi. Nikate mie kwanza."

Akakaa kwenye mbuzi akanuna. Mama akamletea chai, akainywa huku anaitazama ile taa kama anatukanwa. Halafu akatoa ule waya mfukoni, akaomba nondo ya shaba, na akaanza kutafuta pa kuipigilia. Nyuma ya nyumba yetu ni mawe matupu na kiangazi kimekausha kila kitu. Kila akipiga, nondo inaruka. Pahala pamoja tu palikuwa na udongo laini, wenye rutuba na unyevu: karibu na mlango wa jikoni, pale Bibi anapokaa kwenye kigoda chake na kopo lake akatia udhu.

Ikaingia kama kisu kwenye papai. Akaunga waya, nikachomeka, taa ikawa kijani.

"Unaona?" Fundi akasema. "Nondo nyengine zinakufa kwa kiu. Hii itanyweshwa kila swala."

Watu walimsifu. Na sifa zikimpanda huwa hashuki. Akasema kwa kuwa sasa nyumba ina ethi, ataliunga na friji. Akaliunga. Mama akaligusa mlango miguu mitupu, kimya. Hakuna kuuma tena. Kandambili zikaondolewa, mama akamwombea dua ya maisha marefu, na mie mwenyewe, kwa furaha, nilimshika mkono nikambusu. Midomo hii.

Siku zile Bibi akaanza kusema maji yana sisimizi.

"Sisimizi gani, Bibi?"

"Wananitambaa miguuni nikitawadha. Siwaoni."

Mama akasema ni baridi ya miguu. Jirani yetu wa ukuta wa pili, mama mmoja mwenye maneno, akasema ni utu uzima. Kesho yake Bibi aliteleza akakaa chini kwa uzito, na aliponyanyuliwa alisema kuna kitu kilimkamata mguu. Mie nikavua viatu, nikaenda pale, nikamwaga maji, nikasimama. Nilimjua mara moja. Ni yule yule wa kwenye friji. Nikaenda nikalichomoa friji, nikarudi, hakuna kitu. Nikalichomeka, nikarudi, yupo. Kumbe Fundi hakuufukuza ule umeme. Aliutoa kwenye mlango wa friji akaupitisha kwenye waya wa kijani, akaushusha kwenye nondo, akauweka chini ya nyayo za Bibi. Na swichi ambayo ingeukata alikwisha kuing'oa.

Nikamwendea kwa adabu zote, shikamoo mbele, nikamleta mpaka penye nondo.

"Umesoma mpaka wapi weye?" akaniuliza.

"Kidato cha pili."

"Basi rudi la tatu halafu uje. Hilo la Bibi yako si umeme. Hilo jambo la maji. Kuna mtu kamwaga kitu pale."

"Fundi, nikilichomoa friji linaondoka."

"Na yeye aliyemwaga anajua kuchezea friji. Ndiyo ubaya wake."

Nilisema sitakubali Bibi atie udhu pale mpaka nondo ihamishwe. Mama aliniminya mkono. Jirani alishafika kwenye upenu, na nyuma yake wengine. Mama akaninong'oneza, "Utamvunjia mzee heshima mbele za watu? Kesho tukizimikiwa atakuja nani?" Na Fundi, kwa kuwa watu wameshakuwa wengi, akavua makubadhi.

"Leteni kopo," akasema. "Friji liwashwe. Nitatia udhu hapa hapa, mtazame wote."

Akainama kwenye kopo. Mikono, akasukutua, uso. Mie nilikuwa jikoni nimeshika plagi ya friji, na kwa mlango uliokuwa wazi nilikuwa namuona. Alipofika kwenye miguu akamwaga maji mengi, akakanyaga karibu kabisa na ile nondo, na nikauona mguu wake ukikaza. Mishipa ya shingo ikasimama. Mdomo aliubana. Uso wake ulikuwa unatazama mbele kama mtu anayepigiwa wimbo wa taifa, na kopo linagonga-gonga kwenye kidole chake cha gumba.  Angesema "yallah" moja tu, mie ningeshinda. Alikuwa tayari kufa wima.

Sikuweza. Niliichomoa.

Mguu ukalegea. Akavuta pumzi, akausugua wa pili polepole, vidole kimoja kimoja, akapangusa, akawageukia watu.

"Iko wapi shoti?" akasema.

Watu wakacheka, na aliyechekwa ni mie. Jirani akanambia hivi ndivyo wanavyokuwa vijana wakipewa magari. Mama akashukuru Mungu. Na Bibi yangu, kwa kuwa ameona kwa macho yake kwamba hakuna kitu, alikwenda kuchukua kigoda chake na kukirudisha pale pale.

Fundi alinitazama mkono, na plagi ikiwa bado ndani yake. Aliiona. Akaanza kuvaa makubadhi yake.

Basi nikatoka, nikachukua mtalimbo, nikamwomba Bibi asogee, nikaing'oa ile nondo mbele ya watu wote. Haikuchukua muda, udongo ule laini.  Fundi akaiokota, akaifuta tope kwa kanzu yake, akaiegemeza ukutani.

"Mkono wangu umetoka katika nyumba hii," akamwambia mama, na kwangu hakutazama.

Nilimleta fundi wa Chake. Alichimba upande wa pili, mbali, kwenye mawe, siku nzima, akarudisha swichi ya kinga, akasema friji hili ni la kutupa. Gari ikachajika. Mama alikaa muda bila ya kusema nami vizuri, na watu wa mtaani walinipa salamu fupi, kwa sababu nimemvua mzee kanzu. Baadaye Fundi na mkewe walihamia kwa binti yao Msuka, na wengine wanasema ni mie niliyemhamisha.

Wiki chache zilizopita nilimpeleka Bibi kwa dada yake. Hakutapika. Kutoka Konde mpaka Msuka alikuwa anataja majina ya waliokufa nyumba baada ya nyumba, kwa furaha. Nikawaacha wawili wale wameshikana viganja, nikatoka kutembea, na nyumba ya tatu nikamkuta Fundi. Alikuwa amekaa juu ya tofali, testa kofiani, na kijana mmoja mwenye pikipiki ya umeme anataka afungiwe soketi ya kuchajia uani. Wazee wawili wanasikiliza.

"Nondo ya ethi," Fundi alikuwa anasema, "mjinga anaipiga penye maji, kwa kuwa ni rahisi. Na swichi inayokata haing'olewi, inaulizwa inakata nini. Haya nimeyavumbua Wawi. Nilisimama mwenyewe, miguu mitupu, nikaupima umeme kwa mwili wangu." Akaniona. Maneno yakamkatika, halafu akayakamata tena. "Na shahidi huyu hapa. Sema, kijana. Niliupima au sikuupima?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Yote haya niliyoyaandika hapa yalikuja mpaka kwenye meno.

"Shikamoo, Fundi," nikasema. "Uliupima."

"Mpaka mwisho?"

Alikuwa ananitazama mkono.

"Mpaka mwisho."

Akainuka, akachukua mtalimbo. Pale uani palikuwa na mtungi, na chini yake tope jeusi, laini, mtoto angelichimba kwa kijiko. Akalipita. Akalipita na jiko, akaupita ukuta wa choo, akenda mpaka penye mawe, na mtalimbo ulipogusa chini ukalia.

"Fundi, huko mbali," kijana wa pikipiki akamwita. "Waya hautafika."

"Nunua mwengine," akasema, akapiga tena.